Kijidudu cha kinywani kilichomuua Gustav Mahler

Jioni ya tarehe 21 Februari mwaka 1911, Gustav Mahler alipanda jukwaani katika ukumbi wa Carnegie Hall, mjini New York, kuiongoza okestra ya New York Philharmonic. Alikuwa na homa na koo lilikuwa likimuuma. Miongoni mwa muziki uliopigwa usiku huo ni utungo mpya wa Ferruccio Busoni, wimbo wa bembelezi aliouandika kumkumbuka mama yake aliyefariki dunia. Mahler hakuongoza tena okestra baada ya hapo.

Tangu mwaka 1907 mtunzi huyo alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba vali za moyo wake zina kasoro. Yaaminika ilitokana na homa ya baridi yabisi, maradhi yanayoanzia kooni mwa mtoto na kuishia moyoni.

Homa ilipokataa kushuka, daktari wake, Joseph Fraenkel, alimwita Emanuel Libman wa hospitali ya Mount Sinai, bingwa wa maradhi ya vali. Libman alisikia mngurumo moyoni, akapapasa bandama iliyovimba, akaona vidoa vya damu ngozini. Ili kupata uthibitisho, alimpigia simu msaidizi wake kijana, George Baehr, aje hotelini na vifaa vyake. Baehr alivuta mililita 20 za damu mkononi mwa mgonjwa, nyingine akaitia katika chupa za supu ya kuoteshea vijidudu, nyingine katika sahani za maabara. Baada ya siku 4 au 5, bakteria walikuwa wametapakaa kote: streptokokasi aina ya viridansi, wakazi wa kawaida wa kinywa cha binadamu.

Kinywani bakteria hao hawana madhara makubwa. Lakini fizi zikijeruhiwa, huingia katika damu. Vali nzima huwapitisha tu. Ile yenye kovu hushikwa na vijibonge vya damu iliyoganda, na humo bakteria hujificha, mahali ambapo chembe nyeupe za damu huwafikia kwa shida.

Mahler alitaka aambiwe ukweli, naye akaambiwa. Mwaka ule ukweli huo ulikuwa hukumu ya kifo, kwani dawa haikuwapo. Aliomba akafie Vienna. Njiani, mjini Paris, daktari André Chantemesse alipima tena damu yake na, kwa mujibu wa kumbukumbu za Alma, mke wa Mahler, alimwita atazame kwa darubini jinsi bakteria walivyostawi vizuri. Furaha ya mtaalamu mbele ya mke wa mtu anayekufa! Mahler alifariki dunia Vienna tarehe 18 Mei mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 50.

Mwaka 1935, mjini London, Okell na Elliott walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu waliong'olewa meno walikutwa na streptokokasi katika damu muda mfupi baadaye. Mwaka 1944, mjini Brooklyn, Leo Loewe na wenzake walitangaza kuwatibu kwa mafanikio wagonjwa 7 kwa penisilini na dawa ya kuzuia damu isigande. Kuanzia mwaka 1955, Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri wenye kasoro za moyo wapewe dawa hiyo kabla ya kutibiwa meno.

Ushauri huo ulidumu miaka mingi, hadi wataalamu walipotambua kwamba hata kutafuna na kupiga mswaki huingiza bakteria katika damu, tena kila siku. Mwaka 2007 Wamarekani waliubakiza kwa walio katika hatari kubwa tu, kama wenye vali za bandia. Uingereza iliufuta mwaka 2008, kisha mwaka 2016 ikaongeza neno moja: dawa hiyo haipendekezwi "kwa kawaida", hivyo daktari akaachiwa nafasi ya kuamua.

Katika Afrika Mashariki, homa ya baridi yabisi ingali inaharibu vali za watoto na vijana, kama ilivyoaminika kuziharibu za Mahler.