Unyofu wa Moyo na Bei Mbili za Kariakoo

Maduka ya vitenge ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, hayakosi wanakwaya wanaotafuta sare. Wanabishania rangi, wanachangishana. Wapo wanaosema huko ni kujionyesha; mimi sina ugomvi na sare hiyo. Kwa mama anayeuza mihogo juani wiki nzima, gauni jipya la Jumapili ni heshima yake mbele za Mungu. Ninachokipinga ni dhana kwamba dawa ya kujionyesha ni hisia. Kwamba aliyelia madhabahuni na kutoa ushuhuda mrefu, moyo wake umekwisha takata.

Historia yetu wenyewe inaikanusha dhana hiyo. Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na ambao mizizi yake ni urafiki wa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church, uliulenga Ukristo wa jina. Ulifika Bukoba, na katika uamsho huo akakulia kiimani Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka 1977. Walokole, yaani wafuasi wa uamsho huo, waliungama hadharani. Tena hawakuishia hapo: aliyeiba alirudisha, aliyedhulumu alimfuata aliyemdhulumu. Lakini kadiri miaka ilivyopita, uamsho nao ukajipatia alama zake: namna ya kunyoa, kukataa mapambo, maneno yale yale ya ushuhuda. Uganda, kundi la Bazukufu lilifikia kukataza hata mikopo. Ungamo, lililoanza kwa kuvua vazi, likawa vazi.

Kurejesha ndiko kulikokuwa kugumu kuiga, kwa sababu kunagharimu. Luka hatuelezi kama Zakayo alilia. Anatupa hesabu tu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa.

Turudi Kariakoo. Juu ya kaunta umebandikwa mstari wa Zaburi, chini yake muuzaji anauliza, "Na risiti au bila risiti?" Bei ni mbili. Mwenye duka atasema kodi ni nzito, na pengine ana hoja. Wafanyabiashara walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 kwa malalamiko ya namna hiyo. Ila malalamiko yale yalisemwa mchana kweupe. Bei ya pili husemwa kwa sauti ya chini, kama linavyosemwa neno "orijino" juu ya kitenge ambacho muuzaji anajua si orijino. Hapo hakuna mchungaji wala kwaya. Anayeujua ukweli ni muuzaji na Mungu wake, na hapo ndipo unyofu unapopimika.

Kuna ugumu ambao mahubiri yetu huukwepa. Wateja wa Kariakoo wengine wametoka Lubumbashi au Lusaka, na hawataonekana tena. Muuzaji aliyetubu amrudishie nani? Nadhani ile nusu ya Zakayo inajibu: wasioweza kupatikana hulipwa kupitia maskini. Kwa hiyo fedha ya dhuluma haifai kwenda kwenye ahadi ya ujenzi inayosomwa kwa jina la mtoaji baada ya ibada. Iende kwa wahitaji, bila jina, kwani anayeileta analipa deni, hatoi sadaka.