Mgeni katika Mchezo wa Nafsi za Kubuni

Mchezo ambao wachezaji wake huketi kuizunguka meza, kila mmoja akajitwalia nafsi ya kubuni na kunena kwa jina lake, una umri mdogo kuliko bao na sataranji, lakini mlango wake ni mzito kuliko yote miwili. Anayejifunza bao hutazama mkono wa mwenziwe ukigawa kete, akaiga. Mgeni wa mchezo huu hutakiwa kusema mbele ya watu yale atendayo mtu asiyekuwako duniani. Basi hofu yake kubwa huwa ni haya. Ugumu wa kanuni hufuata nyuma. Historia ya mchezo huu yaonyesha jinsi haya hiyo ilivyosahauliwa, kisha ikakumbukwa.

Katika mwaka wa 1824 luteni wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita ulioasisiwa na baba yake. Wachezaji waliandika amri zao. Mwamuzi akazipokea, akapima matokeo kwa majedwali na dadu, akaueleza kila upande yale tu ambayo ungaliweza kuyaona vitani. Jemadari von Müffling, mnadhimu mkuu, aliusifu, ukaenea jeshini. Walakini wingi wa majedwali ulichosha, na mwaka wa 1876 Julius von Verdy du Vernois alishauri mwamuzi aachwe ahukumu kwa maarifa yake. Hapo mgeni alipata nafuu kubwa: afisa asiyejua kanuni hata moja aliweza kucheza, maadamu alijua kusema anataka askari wake wafanye nini.

Wazo la mwamuzi huru lilivuka bahari. David Wesely, wa Minnesota nchini Marekani, alilikuta katika Strategos, kitabu cha afisa Charles Totten kilichotoka mwaka wa 1880, nacho kilimruhusu mchezaji kujaribu jambo lolote, mwamuzi akakata shauri. Mwaka wa 1969 Wesely alitunga mchezo juu ya mji wa Kijerumani wa kubuni, Braunstein, katika zama za Napoleon. Baadhi ya wachezaji hawakupewa majeshi, bali nafsi za raia, kama meya na mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na haja yake. Wakatawanyika, wakanong'onezana, wakafanyiana hila. Wawili wakataka kupigana wao kwa wao, jambo lisilokuwa na kanuni. Wesely alidhani mchezo umeharibika. Wachezaji wakamwomba mwingine.

Dave Arneson, mmoja wa kundi hilo, alitunga baadaye nchi ya Blackmoor, na kwa ushirika wake na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, Dungeons & Dragons ikatoka mwaka wa 1974: vijitabu 3 sandukuni, nakala 1,000 kwa mara ya kwanza. Maandishi yake yalisema na wazoefu. Yalimdhania msomaji kuwa anakijua Chainmail, kitabu cha vita cha mwaka wa 1971, na mara nyingi yalitaja jambo kabla ya kulieleza. Furaha waliyoipata watu wa Braunstein bila ya kusoma chochote sasa ilifichwa nyuma ya ukuta wa karatasi, na aliyekosa rafiki wa kumfundisha kwa mdomo alibaki nje.

Ukuta huo ulibomolewa kidogo kidogo. Mwaka wa 1977 J. Eric Holmes, tabibu na mwalimu wa chuo kikuu huko California, alitengeneza kitabu cha wanaoanza, kilichohusu daraja 3 za mwanzo tu. Mwaka wa 1983 Frank Mentzer akaenda mbali zaidi. Kitabu chake kilianza na kisa: msomaji ni askari, anaingia pangoni peke yake, anakutana na Aleena, mwanamke wa dini anayemganga na kumfundisha. Kisha mchawi Bargle anamwua Aleena kwa mshale wa uchawi. Msomaji aliyekuwa akijifunza kuhesabu uhai kwa nambari hujikuta amehuzunika, na katika huzuni hiyo amekwisha kuwa mchezaji kabla ya kuzijua kanuni.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waandishi wa mwaka wa 1974 walimpa mgeni jembe mlangoni. Mentzer alimpa kwanza chakula. Mwamuzi mwema wa leo hufuata adabu hiyo: humwachia mgeni nafsi nyepesi yenye haja moja iliyo wazi, humruhusu kusema "askari wangu anakimbia" asipoweza kuigiza sauti, humtajia kanuni pale tu inapohitajika, wala hamcheki. Kisha humwuliza swali moja, ambalo Braunstein nzima ilisimama juu yake: sasa wafanya nini? Akijibu, hata kwa sauti ndogo, jembe limo mkononi mwake, naye amelishika kwa hiari.