Mkono Uliochora Maua ya Tuzo

Ua halingoji. Likishachanua huhesabiwa siku, na sifa zake hupukutika pamoja nalo. Hilo ndilo lililowatatiza waamuzi wa maua ya okidi mjini London mwishoni mwa karne ya 19.

Mwaka 1889 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza iliunda kamati maalumu ya okidi. Wenye mimea walileta vyungu vyao mkutanoni. Wajuzi wakaizunguka meza, wakapima umbo la ua, upana wa mdomo wake, rangi na madoa, kisha wakatoa hukumu. Iliyoshinda ilipata hati ya daraja la kwanza au tuzo ya ubora, pamoja na jina lake mahususi. Tuzo haikuwa ya aina nzima ya okidi, bali ya mmea ule mmoja na vipande vilivyogawanywa kutoka kwake.

Basi likazuka swali: ua la mwaka huu litalinganishwaje na la mwaka juzi, ilhali la mwaka juzi limekwisha kunyauka? Maneno hayakutosha, kwani “jeupe lenye madoa mekundu” ni sifa ya maua mengi. Picha za kamera za siku hizo nazo hazikuwa na rangi za kutegemewa. Ndipo mwaka 1897 kazi ikakabidhiwa kwa mwanamke kijana, Nellie Roberts, achore kwa rangi za maji okidi zilizotuzwa. Aliishika kalamu hiyo ya brashi kwa miaka 56, hadi 1953, akavuka vita viwili vya dunia, na akaacha michoro zaidi ya elfu nne.

Sisi wapenzi wa ushairi twaijua thamani ya mkono kama huo. Tungo za Muyaka bin Haji zisingetufikia kwa wingi tulio nao lau Mwalimu Sikujua asingezikusanya na kuziandika. Mtunzi husifiwa, mwandishi aliyemhifadhi hutajwa kwa nadra.

Lakini kuna kisichochorwa. Miongoni mwa okidi zilizotamaniwa mno enzi hizo ni Odontoglossum crispum, itokayo katika misitu ya milima ya Kolombia. Okidi hiyo huota juu ya matawi bila kuunyonya mti unaoibeba. Mwindaji wa okidi, Albert Millican, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1891 jinsi safari yake moja ya huko ilivyopata mimea ya Odontoglossum ipatayo elfu kumi, na kwamba ili kuipata ilikatwa miti ipatayo elfu nne. Mti uliolea ua kwa miaka uliangushwa ili ua lifike mezani.

Daftari la tuzo lilimtaja mwenye chungu. Mchoro ulilihifadhi ua, na pembeni yake tunaweza leo kulisoma jina la Nellie Roberts kwa heshima inayomstahiki. Mti haukupata mstari hata mmoja. Nami nikiitazama michoro hiyo, iliyochorwa kwa uaminifu hadi doa la mwisho, huona kwamba uzuri wake haupungui kwa kuujua ukweli huu. Kinachopungua ni haki yetu ya kuusifu ushindi bila kuuliza gharama yake ililipwa na nani.