Kasoro katika Picha za Nyota: Mabamba ya Sobral, 1919–2019

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa historia hufundishwa mapema kwamba hati iliyoliwa na mchwa au iliyonakiliwa vibaya haitupwi. Huulizwa kwanza kasoro yake imetoka wapi. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kuwa kanuni hiyo yazihusu pia picha za nyota. Mfano wetu ni mabamba ya kioo yaliyopigiwa picha wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, ambayo kasoro zake zimebishaniwa kwa miongo mingi.

2. Safari mbili, swali moja

Albert Einstein alikuwa amekokotoa kwamba nuru ya nyota ipitayo ukingoni mwa jua hupindwa kwa sekunde 1.75 za pembe, digrii moja ikiwa na sekunde 3600. Hesabu iliyofuata nadharia ya Newton ilitoa nusu yake tu, yaani 0.87. Nyota zilizo karibu na jua hazionekani ila jua lipatwapo lote. Kwa hiyo Waingereza walituma safari mbili: Arthur Eddington na Edwin Cottingham walikwenda kisiwa cha Principe katika Ghuba ya Guinea, Andrew Crommelin na Charles Davidson walikwenda Sobral, kaskazini-mashariki mwa Brazili.

Huko Principe mawingu yalitanda. Kati ya mabamba 16, mawili tu yalionyesha nyota za kutosha, nayo yalitoa sekunde 1.61. Huko Sobral darubini ndogo, yenye lenzi ya inchi 4, ilitoa mabamba saba mazuri na jibu la 1.98. Bali darubini kubwa ilileta mashaka. Mabamba yake yaliposafishwa, nyota hazikuwa vitone bali madoa yenye kingo hafifu. Wataalamu walidhani kwamba joto la jua lilikipotosha kioo cha kuakisi kilichoelekeza nuru kwenye darubini. Mabamba hayo yalipopimwa yalitoa 0.93, karibu na jibu la Newton.

3. Kasoro au ushahidi?

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Ikiwa ulengaji wa lenzi ulibadilika kweli, basi picha nzima ilikua au ilipungua kidogo, na badiliko hilo lapaswa kutolewa katika hesabu. Ndivyo ilivyopatikana 0.93. Ikiwa nyota zilififia tu bila picha kubadili ukubwa wake, mabamba yale yale hutoa karibu 1.5. Kasoro moja, majibu mawili. Frank Dyson, mkuu wa kituo cha Greenwich, aliyapa mabamba hayo uzito mdogo, na tarehe 6 Novemba 1919 ilitangazwa mjini London kuwa Einstein amethibitishwa.

Mnamo 1980 John Earman na Clark Glymour walitilia shaka uamuzi huo: je, mabamba hayakuwekwa kando kwa sababu tu yalipingana na jibu lililotarajiwa? Daniel Kennefick amejibu kwa hoja mbili zenye uzito. Kwanza, mabamba ya Sobral yalichambuliwa na watu wa Greenwich chini ya Dyson, wala si na Eddington aliyejulikana kuwa mpenzi wa nadharia ya Einstein. Pili, ukungu wa picha uliandikwa huko huko Sobral, kabla ya kipimo chochote kufanywa. Kasoro iliyoandikwa kabla ya jibu kujulikana haiwezi kuwa kisingizio cha kulikimbia jibu hilo.

Mwaka 1979 mabamba ya Sobral yalipimwa upya nchini Uingereza kwa mashine bora na hesabu za kompyuta. Darubini ndogo ilitoa 1.90. Yale yaliyolaumiwa yalitoa 1.55, kwa kosa linalokadiriwa kuwa 0.34, yaani hayakuwa tena upande wa Newton. Upimaji huo uliwezekana kwa kuwa mabamba mabovu yalihifadhiwa pamoja na mazuri. Mabamba ya Principe yamepotea, na hakuna awezaye kuyauliza tena.

4. Zama za skana

Mwaka 2019 ilitolewa picha iliyorekebishwa ya kupatwa kule, iliyotokana na nakala ya bamba la Sobral iliyotunzwa Heidelberg, Ujerumani. Nakala hiyo iliskaniwa, kisha kompyuta ikapunguza chembechembe na kuondoa madoa. Picha ni safi na ya kupendeza. Hata hivyo, skana nayo ina kasoro zake: vumbi juu ya kioo, au michirizi ya kitambuzi cha nuru. Njia ya kuzipambanua ni nyepesi: bamba hugeuzwa robo duara na kuskaniwa tena. Kasoro inayogeuka pamoja na bamba ni ya bamba. Isiyogeuka ni ya skana. Kitone kinachobaki kwenye bamba nacho hulinganishwa na bamba jingine la anga ile ile, kwani shahidi mmoja hatoshi.

5. Hitimisho

Kutokana na hayo twaona kwamba kusafisha picha ni kutoa hukumu. Hukumu hiyo ni halali iwapo sababu ya kasoro imetajwa, na iwapo asili imebaki jinsi ilivyo. Anayeifuta kasoro bila kuiandika humnyima mtafiti ajaye haki ya kukata rufani.