Tembe la Kwihara na Wale Waliobeba



Mgeni afikapo Tabora huelekezwa Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji, akalitazame "Tembe la Livingstone". Jina limezoeleka, ingawa David Livingstone hakulijenga tembe hilo wala hakulimiliki. Lilikuwa la Waarabu, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, walioifanya Unyanyembe kuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Henry Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, kabla ya kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Februari 1872 wakarudi wote wawili. Stanley aliondoka Machi. Livingstone, adui wa biashara ya utumwa, akabaki katika nyumba ya wafanyabiashara hao akiwangojea wapagazi. Walipofika Agosti, aliondoka nao. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Watumishi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa, kisha wakaubeba. Waliongozwa na Susi na Chuma. Huyo Chuma aliwahi kutembezwa katika msafara wa watumwa, akakombolewa mwaka 1861.

Oktoba 1873 walifika Kwihara. Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wamzike papo hapo, kwani njia ilikuwa ya hatari na watu wa vijiji waliogopa maiti kupitishwa kwao. Ushauri haukukosa busara. Wao walikataa.

Wakaendelea, na mbele ya safari wakaufungasha mwili mfano wa mzigo wa nguo ili waweze kupita. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Kati ya waliombeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyehudhuria. Susi na Chuma walifika Uingereza maziko yamekwisha.

Kanisa hutufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Hawa walilitenda kwa miezi tisa, kwa miguu, lakini nyumba imebaki na jina la mgeni. Basi, tuwapelekapo watoto wetu Kwihara, tuwatajie pia Susi na Chuma.