Umbo na Shamba: Njia Mbili za Maana katika Neno la Kihispania «Caña»

Kamusi ya Real Academia Española huliweka neno caña chini ya kidahizo kimoja, kisha huzipanga fahiwa zake kwa namba. Humo mna tete, muwa, ufito wa kuvulia samaki, mfupa mrefu wa mguu au mkono, sehemu ya buti inayofunika muundi, bilauri nyembamba, pombe kali, mkono wa usukani. Maelezo ya kawaida ya wingi huu ni umbo: kitu kirefu, chembamba, aghalabu chenye uwazi ndani. Nadhani maelezo hayo yanatosha kwa sehemu moja tu ya historia ya neno. Sehemu ya pili ilizaliwa shambani, na kuzichanganya mbili hizi katika orodha moja ni kumficha msomaji jambo zito.

Kwenye umbo hoja ya kawaida ina nguvu. Canna ya Kilatini ilitoka kwenye Kigiriki, na Kigiriki kiliipata katika lugha za Kisemiti: Kiakadi kilikuwa na qanû, Kiebrania kina qaneh. Kwa kuwa tete lilitumika kupimia, wanaisimu wengi hulihusisha jina hilo na neno kanōn, fimbo iliyonyooka, ambalo kupitia Kiarabu limetufikia sisi likiwa kanuni. Nchini Uhispania tete aina ya Arundo donax humea kando ya mito na mifereji, na kwa wasemaji wake maana zilizofuata zilikuwa karibu na macho. Mfupa wenye uboho unafanana na tete. Ufito wa mvuvi ulikuwa tete kweli, na unaendelea kuitwa caña hata unapoundwa kwa nyuzi za kaboni. Mkono wa usukani ni caña del timón. Wareno husema cana do leme, na mabaharia wa Kiswahili huuita kana. Vicente Blasco Ibáñez alipoiita riwaya yake ya mwaka 1902 Cañas y barro, wasomaji walielewa mara moja kwamba ni matete na tope la Albufera, karibu na Valencia.

Msomaji wa Havana angeweza kuona kitu kingine kabisa. Muwa, kwanza, hauna uwazi ndani. Umejaa maji matamu. Waarabu walipouleta Andalus, Kihispania kiliupa jina lenye kipambanuzi: caña dulce au caña de azúcar. Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Columbus alichukua miche kutoka visiwa vya Canary akaipeleka Hispaniola. Karne chache baadaye kipambanuzi hakikuhitajika tena katika Karibi. Caña peke yake ikawa muwa, na cañaveral, ambayo Uhispania huweza kuwa kichaka cha matete tu, ikawa shamba la miwa lisilo na mwisho. Mabadiliko hayo hayaelezwi na mfanano wowote wa sura. Yalisababishwa na uchumi uliomeza ardhi na miili ya watu: Waafrika waliotumikishwa kwa nguvu, ambao nchini Cuba utumwa wao haukufutwa hadi mwaka 1886. Fernando Ortiz, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu tumbaku na sukari, alionyesha jinsi zao hilo lilivyoiunda jamii nzima ya Cuba. Naongeza kwamba liliiunda pia semantiki yake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika vinywaji. Jijini Madrid, anayeagiza caña huletewa bia ya pipa katika bilauri ndogo. Jina limetoka kwenye bilauri, nayo bilauri imeitwa hivyo kwa wembamba wake. Jijini Asunción au Montevideo, caña ni pombe kali, na jina limetoka kwenye mmea. Fahiwa zote mbili ni kileo, na kamusi inaweza kuziweka jirani kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Moja ilipitia umbo la chombo, nyingine ikapitia kinu cha miwa. Zimekutana mezani tu. Mfanano wa fahiwa, basi, si ushahidi wa nasaba yake. Tukienda Chile, caña ni hali ya kuamka na kichwa kizito baada ya ulevi, maana ambayo mnywaji wa Madrid asingeikisia.

Sipendekezi tuzihesabu hizi kuwa homonimu, kama kamusi zetu zinavyotenganisha kaa la moto na kaa wa pwani. Shina ni moja kihistoria. Ninachodai ni kwamba kamusi ya Kihispania na Kiswahili igawe kidahizo hiki katika matawi mawili, la tete na la muwa, na kila fahiwa ioneshe tawi lake na nchi yake. Kiswahili kinailazimisha kazi hiyo, kwa sababu hakina neno moja linalobeba tete na muwa pamoja: mfasiri anayekutana na cañas lazima achague, na hawezi kuchagua bila kujua msemaji amesimama ukingo gani wa Atlantiki.