Kichwa cha tovuti kinachoganda na mahali pa kukiachilia

KICHWA cha tovuti ni ule utepe wa juu wenye jina la tovuti, orodha ya kurasa na mahali pa kutafutia. Kikigandishwa, hubakia juu ya kioo hata msomaji anapoteremka ukurasani. Manufaa yake ni bayana, kwani msomaji halazimiki kurejea juu ili aende kwingine. Hata hivyo, kwenye rununu kichwa kinene hutwaa sehemu kubwa ya kioo, naye msomaji akasalia kuchungulia habari kama aliye nje ya dirisha. Ndiposa fundi hana budi kuamua pia ni wapi kichwa kitaachilia.

Zamani njia zilikuwa mbili. Thamani "fixed" katika CSS, lugha ya mitindo ya kurasa, hukipigilia kichwa kwenye kioo chenyewe, nacho hakibanduki hadi mwisho. Njia ya pili ilikuwa programu ya JavaScript iliyopima kila mara msomaji ameteremka kiasi gani. Ilifaa, ila ilizitaabisha simu dhaifu na aghalabu kichwa kilirukaruka.

Mnamo 2012 kulitolewa pendekezo la thamani mpya, "sticky". Kivinjari cha Firefox kiliipokea mwaka wa 2014, na Chrome 2017. Kichwa chenye thamani hii husogea pamoja na ukurasa hadi kifikie umbali uliotajwa kwa neno "top", tuseme sufuri, kisha huganda.

Amri ya kukiachilia haiandikwi kwenye kichwa. Imo katika kisanduku kinachokibeba, ambacho mafundi hukiita mzazi. Kichwa hakiwezi kutoka nje ya mzazi wake. Ukingo wa chini wa mzazi ukipanda na kukigusa, huondoka nacho. Kwa hivyo, ukitaka kichwa kiachilie pale makala yanapokoma na maoni ya wasomaji kuanza, kitie kichwa na makala katika kisanduku kimoja, na maoni yawe nje yake. Hakuna hesabu yoyote ya kupiga.

Kanuni iyo hiyo ndiyo huwatatiza wengi wanaolalamika kwamba kichwa hakigandi kamwe. Mara nyingi kimefungiwa peke yake katika mzazi mwenye kimo sawa na chake, hivyo hakina nafasi ya kutembea. Wakati mwingine kisanduku fulani cha juu zaidi kimepewa "overflow: hidden", na kichwa kikaambatana nacho badala ya kioo. Kubadilisha "hidden" kuwa "clip" huondoa tatizo hilo. Wapo pia wanaosahau kuandika "top".

Rununu ikilazwa ubavu, kioo huwa kifupi mno. CSS huruhusu kuuliza kimo cha kioo kwa "max-height", na kichwa kikarejeshewa thamani "static" ili kiondoke na ukurasa. Kwa maoni yangu, hatua hii ingestahili kutangulia nyingine zote.

Isitoshe, wapo watumiaji wasioweza kushika kipanya, ambao huruka kutoka kiungo hadi kiungo kwa kibonye cha Tab. Kichwa kilichoganda huweza kukifunika kiungo walichofikia, wakabonyeza wasichokiona. Mwongozo wa WCAG 2.2, uliotolewa na shirika la W3C mnamo Oktoba 2023, unataka kiungo hicho kisifichwe chote. Kuupa ukurasa "scroll-padding-top" yenye kimo cha kichwa husaidia pakubwa.